Mita Moja na Sentimita Sabini na Sita

Bombambili, Songea
Ijumaa, saa tisa alasiri

Skola mama yangu,

Trekta letu la mfano lilipotea Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, mwaka juzi, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni. Halikuibwa kwenye maonyesho kama unavyoamini. Nililitupa mimi baba yako, kwa mikono hii hii, juu ya lori la vyuma chakavu.

Nimeanza na hilo makusudi. Nikianza na habari za safari nitaishia kukuelekeza namna ya kufunga begi, na begi lenyewe mama yako amelifunga na kulifungua mara tatu tangu Jumatano. Mambo ya neti, dawa na kadi ya bima mtayamaliza ninyi wawili. Sasa hivi mmeenda sokoni kutafuta kufuli la tranka, nami nimebaki karakana, nimefunga mlango, mteja wa geti nimemwambia arudi kesho. Kesho wewe utakuwa barabarani kwenda chuoni kusomea mitambo, na mimi sitaki upande basi ukiwa na hesabu niliyokufundisha kwa makosa.

Kabla sijaendelea, inua hilo turubai la bluu kwenye meza ya kazi, hapo nilipokuachia barua hii.

Umeona? Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kukaa kimya wiki nzima. Mama yako anasema nimekuwa kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Shika nusu ya mbele taratibu, rangi ya boneti haijakauka vizuri. Wavu wa rejeta ni chujio la chai, lile lililompotea mama yako na akasema nimelificha. Ni kweli nililificha. Eksozi ni antena ya redio, vipande viwili vinavyoingiliana. Vile vibomba viwili vya kiunoni vinavyolikunja trekta ni mabomba ya sindano, ya mililita mbili, nimeyavisha bati la shaba. Ukisukuma mafuta upande mmoja, linakunja. Linakunja kweli, Skola, nililishikiza kiunoni kwa msumari wa muda nikalijaribu. Digrii arobaini kushoto na arobaini kulia, nimepima kwa ile protrekta ya mkebe wako wa hesabu.

Sasa pima gurudumu. Sentimita kumi na moja juu kwa chini, kumi na moja upande kwa upande. Zidisha kwa kumi na sita, maana ndivyo tulivyolipunguza.

Unajua umepata ngapi. Umeijua namba hiyo tangu ukiwa kidato cha tatu.

Unakumbuka siku tuliyokwenda Lusewa kulipima lile kubwa. Ulikuwa na miaka kumi na saba, na trekta nalo lilikuwa limekaa pale miaka kumi na saba, maana nililiegesha mwaka uliozaliwa. Majani yalikuwa yameingia hadi kwenye kebini, nyuki wako kwenye tangi. Mimi nikashika futi, wewe ukashika daftari. Gurudumu la mbele kushoto nililipima kutoka chini kwenda juu, nikakuambia andika mita moja na sentimita arobaini na nne. Ukaandika. Halafu wewe, bila kuambiwa, ukachukua futi ukapima lile lile gurudumu kwa mlalo, upande mmoja hadi wa pili. Ukasema mita moja na sabini na sita.

Nikakuambia umeshika futi vibaya. Ukapima tena, ikawa sabini na sita. Ukaniuliza kwa adabu kabisa, "Baba, gurudumu si duara? Litakuwaje na upana mkubwa kuliko urefu? Hili limezama."

Mimi nikasema haliwezi kuzama. Nilisema hivyo kwa sababu moja tu: nililiegesha mwenyewe. Ardhi ile niliichagua mimi, ilikuwa ngumu kama sakafu, na nilikuwa najivunia uamuzi ule kuliko karibu kila kitu nilichowahi kufanya kwenye lile shamba nilikoajiriwa udereva. Nikachukua futi mkononi mwako. Nikakuambia mimi nimeendesha trekta hili saa elfu sita, wewe umeliona leo.

Sikukueleza kwa nini nilijivunia. Ngoja nikueleze sasa.

Trekta la namna ile halikati kona kwa magurudumu. Magurudumu yote manne yamenyooka, makubwa sawa, na mwili wenyewe ndio unaokatika katikati. Kwa hiyo uzima wake wote uko kwenye pini ya kiunoni. Pini ile ikiwa mpya ilikuwa milimita sitini. Mwaka ule nikaanza kusikia mgongano kila nikikunja nikiwa na plau. Nikaazima venia, kile kipimo cha milimita, ya fundi wa stoo, nikalala chini ya mashine wakati wa chakula, nikapima: hamsini na saba. Milimita tatu zimeliwa. Nikaenda kwa mtaalamu wa mitambo, kijana mwenye cheti, nikampa kipande cha karatasi chenye namba. Hakukisoma. Alisema, "Wewe kazi yako ni usukani."

Siku ya kumi na moja pini ikakatika, plau iko ardhini. Nikalifunga trekta minyororo kiunoni, nikalitambaza mita mia tatu kwa zaidi ya saa nzima, nikalitoa kwenye matuta mpaka kwenye ardhi ngumu ili wakati wa mvua lisizame. Hayo ndiyo maegesho ninayoyasema. Halafu ripoti ikaandikwa, na sababu ya ajali ikaandikwa kwa maneno matatu: uzembe wa dereva. Nilitoka pale na ovaroli moja na wewe ukiwa na wiki tano.

Nimekaa na maneno yale matatu miaka ishirini. Mimi wa darasa la saba nikajifunza sehemu za namba kwenye spana, nusu, robo, tano ya nane, nikajenga karakana hii kutoka kwenye tupa moja na mkasi wa bati. Kila geti ninalolifunga hapa mjini linaingia kwenye fremu yake bila kupigwa nyundo, na kila nikilifunga huwa namwambia yule kijana moyoni, haya, pima. Mpaka leo. Sidhani kama nitaacha.

Na bado siku ile Lusewa nilipokunyang'anya futi, sikujua nilikuwa nafanya nini.

Basi tukajenga kwa namba yangu. Miezi saba. Magurudumu ya sentimita tisa badala ya kumi na moja. Wewe ulikata meno ya tairi, arobaini na manne kila gurudumu, ya mpira wa tairi la basi, kwa wembe. Mara nne arobaini na nne ni mia na sabini na sita. Nilipoligundua hilo juzi nilicheka peke yangu: namba yako ilikuwa imekaa kwenye meza yangu miezi saba, ukiibandika jino kwa jino, na mimi sikuiona. Ulijikata kidole kwenye jino la tisa ukafunga plasta ukaendelea. Uliniambia mara mbili tena kwamba trekta linaonekana fupi. Mara ya pili palikuwa na wateja. Nilichokujibu mbele yao unakikumbuka, sitakirudia.

Kwenye maonyesho walitupa meza ya nyuma kabisa, jirani na vyoo, wenye mashine za kuagiza wakapewa mbele. Lakini watu walikuja. Walikuja hata wale wa mbele. Mchana wewe ukaenda kutununulia chipsi, na foleni ilikuwa ndefu. Wewe huko, akafika Mzee Kasto.

Huyu ndiye mtu niliyemkosea baada yako, kwa hiyo nimseme vizuri. Wewe unamjua kama jirani wa nyumba ya tatu mwenye bustani ya mchicha. Mimi namjua kama dereva mwenzangu. Alishika trekta lile lile zamu ya usiku, mimi ya mchana. Alilibeba letu kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Akaligeuza, akachungulia kiunoni, akatikisa kichwa kwa furaha. Halafu akaliweka mezani, akarudi nyuma hatua mbili, akaanza kucheka.

"Bwana wee, mbona umelivalisha viatu vya mtoto? Hili linavuta plau au linapalilia karanga?"

Watu wakacheka. Palikuwa na kama kumi na tano. Naye hakuwa na ubaya. Ndivyo tulivyokuwa tukitaniana shambani. Akauliza, "Nani alipima?"

Nikasema, "Vipimo vya binti yangu. Mtoto wa kike na futi, unategemea nini?"

Wakacheka zaidi.

Skola, nimeyaandika maneno hayo kama nilivyoyasema, sijapunguza. Ulikuwa mita hamsini kutoka pale, umeshika chipsi zangu. Uliporudi ukaniuliza watu wamesemaje, nikasema wamelipenda. Halafu nikakutuma nyumbani mapema na vifaa, nikabaki na trekta.

Wakati wa kurudi nilipita yadi ya vyuma chakavu. Lori lilikuwa linamaliza kupakia. Sikufikiri, nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe nilikuwa nimeielekeza kwa trekta. Kilo tatu na gramu mia mbili. Nililirusha juu, likaangukia kwenye mabati ya zamani. Nilifika nyumbani nikaoga nikala. Saa kumi na moja alfajiri nikaamka nikakimbia yadi, nikakuta lori limeshaondoka njia ya Makambako. Chini nikaokota jino moja la tairi.

Ulipoamka ukauliza trekta liko wapi. Nikasema sijui, limepotea kwenye maonyesho. Ukauliza mara ya mwisho nililiona wapi. Nikasema, mikononi mwa Mzee Kasto.

Nilijiambia kwamba sijadanganya, maana kweli alilishika. Nimekuwa fundi muda mrefu, najua kipimo kinaweza kusomeka sawa na kazi ikatoka imepinda. Tangu siku ile hukumpa tena yule mzee shikamoo. Wewe, ambaye humpiti hata kichaa wa stendi bila kumwamkia. Ulikuwa unavuka barabara. Mama yako akadhani ni kiburi cha kidato cha nne, akakugombeza, nami nikakaa pale pale nakunywa chai. Mzee Kasto aliniuliza mara moja, kwenye benchi la kanisani, binti yako ananidai nini? Nikasema ni ujana tu. Akasema sawa. Akaendelea kutuletea mchicha.

Miaka miwili na miezi miwili.

Nilichojifunza nimejifunza kwa kuchelewa, na nakupa kama kilivyo. Huko uendako watakuwepo vijana wenye vyeti watakaokuambia kazi yako ni usukani, au kazi yako ni kufagia, au mtoto wa kike na futi. Hao nilikuwa nimejiandaa kukuonya tangu zamani, nina hotuba nzima. Lakini juma hili nimegundua kwamba aliyewahi kukufanyia hivyo mpaka sasa ni mmoja tu, na amekaa hapa anaandika. Na alikufanyia kwa namna ile ile aliyofanyiwa: namba sahihi, ikakataliwa, kisha lawama akabebeshwa aliyeipima.

Sasa nikuambie la Jumamosi iliyopita, maana hapa ndipo ninapotaka kufika.

Nilikuaga nakwenda kuona mteja Namtumbo. Nilikwenda Lusewa, nimefunga jembe na sepetu kwenye pikipiki. Trekta lipo. Nikaanza kuchimba pembeni mwa gurudumu la mbele kushoto. Udongo wa juu laini kabisa, mweusi, nikachimba kama mtu anayetafuta almasi. Sentimita kumi, hakuna kitu. Ishirini, tairi bado linashuka. Kufika thelathini na mbili, jembe likagonga chini kwa sauti, kaa! Ardhi ngumu kama sakafu. Ile yangu!

Skola, trekta halikuzama. Ardhi ndiyo ilipanda. Wenye mashamba ya juu wamelima miaka yote hiyo, matuta yameelekezwa mteremkoni, kila mvua imeleta udongo kidogo na kuulaza kwenye magurudumu. Niliegesha vizuri! Na wewe ulipima vizuri! Wote wawili tulikuwa sahihi, na ningekuacha uchimbe dakika kumi tu siku ile, tungejua.

Nikaweka futi. Chini mpaka juu, mita moja na sabini na sita. Bila hata milimita ya kubishania. Nilipiga kelele peke yangu porini, mama mmoja aliyekuwa anapalilia tumbaku ng'ambo akasimama akaniuliza kama ni nyoka. Nikamwambia ni binti yangu. Sidhani alinielewa.

Nilirudi Songea nimechafuka hadi nyusi, sikupita nyumbani, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Kasto. Nilimwambia yote, nimesimama, kwenye mchicha wake. Lori, uongo, shikamoo. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa na ndoo mkononi. Nilifikiri atanifukuza, na ningeondoka.

Akasema, "Na gurudumu?"

"Moja sabini na sita."

"Basi mtoto alikuwa sahihi." Akaendelea kumwagilia. Halafu akasema, "Mimi kunidhania mwizi sawa, nimeshadhaniwa mengi. Ila miaka miwili nimekosa shikamoo ya mtoto niliyembeba siku anabatizwa. Hiyo utanilipaje?"

Sikutumi kwake. Kwenda au kutokwenda ni juu yako, na ukienda usiende kwa ajili yangu. Nimekuambia tu ili ujue kwamba aliyekuwa anadaiwa ni mimi.

Tangu Jumamosi ile nimefanya kazi kila dakika niliyoipata. Kwenye daftari lako la kaunta, ukurasa wa kumi na nne, umeziandika namba zote mbili, yangu juu na yako chini, na yako hukuifuta. Nimejenga kwa yako. Urefu sentimita arobaini, kimo ishirini na moja, kati ya ekseli na ekseli ishirini kamili. Na kuna kitu ambacho la kwanza halikuwa nacho: kiuno cha hili kina viungo viwili. Kimoja kinakunja, cha pili kinapinduka, hivyo ukiliweka juu ya vitabu gurudumu moja likapanda, matatu mengine yanabaki chini. La kwanza lilikuwa linaning'iniza mguu kama mbuzi mlemavu, unakumbuka? Hili halining'inizi kitu. Nimelijaribu kwenye spana, kwenye kokoto, kwenye kiatu cha mama yako.

Lile jino nililoliokota halifai kwenye magurudumu mapya, fupi. Nimelibandika sakafuni mwa kebini, chini ya kiti. Ukichungulia na tochi utaliona.

Vilivyobaki ni hivi. Meno ya tairi sijakata hata moja. Mia na sabini na sita, yote. Vioo vya kebini bado, nyaya za taa bado, na pini ya kiunoni bado. Nimeshapata chuma chake, valvu ya injini ya bodaboda, mti wake umenyooka safi kabisa. Lakini sijaikata. Nusu ya mbele iko mezani na nusu ya nyuma iko mezani, msumari wa majaribio nimeuchomoa, na pini sitaiingiza peke yangu.

Ninachokuomba ni hiki. Chukua nusu moja uende nayo chuoni, mimi nibaki na nyingine. Wewe utamalizia yako, mimi yangu. Ukija likizo tutaingiza pini pamoja. Ukichukua ya mbele, utakuwa na kebini na injini, na kazi ya kubuni nyaya. Ukichukua ya nyuma, utakuwa na kazi ngumu zaidi ya ndoano ya plau, lakini ni nyepesi kubeba, gramu mia tisa na themanini. Zote nimezitengenezea boksi la mbao, zinaingia kwenye tranka, nimepima tranka. Na chini ya kila nusu nimeacha bati tupu bila rangi, upana wa vidole viwili, pa kuandika majina ya waliopima. La kwanza lisiwe langu.

Na kama huwezi kujenga na mimi tena baada ya kusoma haya, sema huwezi. Nitalifunika turubai na litakaa. Hilo nitaliheshimu, nimezoea kuona trekta limekaa.

Usinijibu kwa meseji ukiwa njiani. Usinijibu kwa kupitia mama yako. Usiniambie "nitaona, baba." Bodaboda wa kukupeleka stendi anafika saa kumi na moja alfajiri, na mimi nahitaji muda wa kukata pini na kuipiga msasa, ili uondoke na kipimo chake, nusu yoyote utakayochukua. Moto wa mkaa wa kulainisha chuma nimeshauandaa, sijauwasha.

Niko uani, nyuma ya karakana. Uje mwenyewe, usimame mlangoni, uniambie kwa mdomo wako: mbele, nyuma, au hapana. Mwisho saa mbili usiku, leo.

Baba yako